Kitundu Kilichokosekana Safu ya Kati

Nimestaafu mwezi uliopita, na mpaka leo mtu akinikaribisha biskuti naigeuza kwanza nione chini imeivaje. Wajukuu zangu wananicheka. Ninyi mliobaki kwenye chumba cha ukaguzi hamtanicheka, kwa sababu nanyi mmeshaanza tabia hiyo. Nimewaona.

Neema, meneja wetu, ameniomba niandike ninayoyakumbuka kabla hayajapotea. Mambo ya vyeo nayaacha. Sikupanda mara nyingi kiasi cha kujaza ukurasa. Nitaeleza nilivyoanza na nani alinifundisha, na kwa urefu zaidi nitaeleza habari ya zile biskuti za chumvi zenye jina la duka letu. Wengi wenu mmeisikia kwa vipande, na katika vipande hivyo mimi natoka shujaa. Haikuwa hivyo.

Nilianza kazi kwenye kiwanda cha biskuti hapa hapa Mwanza. Kilikuwa tawi la kampuni kubwa, wale wenye biskuti za chumvi za pakiti nyekundu ambazo kila nyumba inazijua. Nilikuwa nimetoka Majita, binti wa mvuvi mwenye shamba la mihogo, nina cheti cha kidato cha nne na viatu vya kuazima. Walinipeleka kwa Mzee Majura, mkuu wa ukaguzi, mtu mwembamba ambaye hakuwa na haraka na chochote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Asubuhi umekula nini?"

"Uji, na dagaa wa jana."

"Basi leo huonji kitu. Leo utasikiliza."

Alinikalisha nikiutazama ukuta, akasimama nyuma yangu akivunja biskuti moja moja, nami niseme ipi imekauka vizuri na ipi imeingia unyevu. Kufikia saa ya chakula nilikuwa nimekosea zote. Kufikia kutoka kazini nilikuwa nimekosea nusu. Akasema nusu inatosha kwa siku ya kwanza, nirudi kesho bila dagaa.

Alinifundisha mpangilio ule ninaowasumbua nao ninyi: macho kwanza, kisha sikio, kisha pua, ulimi mwisho kabisa. "Ulimi una njaa," alikuwa akisema, "unataka kukubali kila kitu." Vifaa vyetu vilikuwa mizani ndogo, rula ya chuma, sahani nyeupe zinazofanana, maji ya vuguvugu ya kusukutua, na daftari. Manukato hayakuruhusiwa, wala kahawa kabla ya saa nne. Na kwenye daftari alitaka niandike nilichokiona, siyo ninachokijua. Mara ya kwanza niliona hayo ni maneno ya mzee tu. Nilikuwa na umri wa kufikiri kwamba kuona na kujua ni kitu kimoja.

Mwaka huo huo aliajiriwa Perpetua, Mkerewe, upande wa kukanda unga. Alikuwa akitia mkono kwenye unga uliokandwa anasema maji yamezidi kikombe kimoja, na kweli tukienda kwenye vipimo tunakuta yamezidi kikombe kimoja. Tulikula pamoja mchana, tukabatiziana watoto. Siku moja pini moja ilikatika kwenye rola, ile inayokata biskuti na kuzitoboa vitundu. Kila biskuti ilitakiwa iwe na vitundu kumi na viwili, safu tatu za vinne vinne. Kuanzia siku hiyo, katika kila pakiti kulikuwa na moja au mbili zenye kumi na kimoja: kitundu cha tatu safu ya kati hakipo. Fundi aliandika barua ya kuomba pini mpya. Barua ilijibiwa, pini haikuja. Mimi na Perpetua tulikuwa tukiziita zile biskuti "wenye pengo", na tulizitazama miaka kumi na miwili, mpaka tawi likafungwa, kazi ikahamishiwa mji mwingine, na mashine zikauzwa kama chuma chakavu. Mzee Majura alirudi kwao akafariki kabla sijaenda kumsalimu. Perpetua alirudi Ukerewe, tukapotezana.

Ndipo nikaja hapa. Mlinikuta nimeshazoea, lakini niwaambie, supamaketi ilinifundisha kushuku kuliko kiwanda. Kiwandani bidhaa ni ya kwako na ubaya wake unaujua. Dukani kila kitu kinaletwa na mtu mwenye tabasamu. Katika mwezi wa kwanza nilipokea katoni za juisi ambazo tarehe zake zilisomeka vizuri sana, nyeusi, zimenyooka. Nilipozinusa nikasikia harufu ya spiriti. Tarehe ya zamani ilikuwa imefutwa kwa pamba na mpya kugongwa juu yake. Tangu hapo nanusa tarehe. Aliyezileta aliniuliza kama mimi ni mbwa wa bandarini. Nilimwambia mshahara wangu ni mdogo kuliko wa mbwa, arudishe katoni zake.

Sasa zile biskuti.

Neema alipopewa umeneja alikuja na wazo la kuwa na bidhaa zenye jina la duka letu. Alianza na chumvi, akaenda kwenye tambi, kisha akataka biskuti za chumvi. Sokoni kulikuwa na mbili tu ambazo watu walizitaka: ile ya pakiti nyekundu niliyoitumikia, na ile ya pakiti ya bluu. Yetu ingekuwa ya njano. Mwenye duka hakutaka. Alisema mtu akinunua biskuti mbaya ya kampuni anailaani kampuni, lakini akinunua mbaya yenye jina la duka anaacha kuja dukani. Neema alimshawishi kwa wiki tatu, akashinda. Akapata na ahadi kwa mkuu wa shule moja ya bweni ya wasichana kwamba tutawapelekea biskuti za saa nne. Alikuwa ameweka jina lake pale, na sote tulijua.

Mtengenezaji aliitwa Bwana Masanja, mwenye kiwanda kidogo huko Igoma. Alikuja mwenyewe na sampuli, kwenye pakiti za njano zilizokwisha chapwa jina letu, pamoja na tabasamu. Nilipanga jaribio kama kawaida: sahani tatu, moja nimeichora duara, moja pembetatu, moja mstari, hakuna anayejua ipi ni ipi isipokuwa mimi. Walioonja walikuwa sita, akiwemo mlinzi wetu Mzee Shija, ambaye husema kila kitu ni kitamu na kwa hiyo hana madhara.

Matokeo yalinishtua. Ya bluu ilikuwa ya mwisho. Nyekundu na njano zilifungana. Wawili walisema hawaoni tofauti kabisa.

Wengine walipiga makofi. Mimi niliingiwa na wasiwasi. Kiwanda kidogo, mara ya kwanza, kinalingana na watu walioanza kuoka kabla Masanja hajazaliwa? Nikaichukua sahani ya njano nikaanza kuzigeuza moja moja, na ya saba ilikuwa na pengo. Kitundu cha tatu, safu ya kati.

Jamani, damu ilinipanda. Niliona kila kitu kwa mara moja: huyu bwana amenunua pakiti nyekundu dukani, amezifungua, ametia biskuti za watu kwenye pakiti za njano, ametuletea tuonje. Tukishaweka saini, atatuletea vumbi lake. Sikungoja. Nilirudi kwenye chumba cha mkutano na biskuti mkononi, nikasema mbele ya mwenye duka, Neema na wakuu wa maduka yote matatu:

"Hii siyo biskuti yako, Bwana Masanja. Hii ni ya pakiti nyekundu. Nimeikagua miaka kumi na miwili, naijua kama mwanangu. Umetuletea mali ya wizi."

Masanja hakupandisha sauti. "Mama, hiyo nimeioka mimi. Rola niliinunua kwenye vyuma chakavu."

"Kila mwizi ana duka la vyuma chakavu," nilisema.

Watu walicheka. Alikusanya pakiti zake akazitia kwenye begi lake, taratibu, moja baada ya nyingine. Neema alikuwa ametazama meza. Baadaye aliniita pembeni. "Mama Mafuru, kama una uhakika, nitaukataa mkataba wake leo. Una uhakika?"

"Ninao."

"Basi nenda Igoma ukaone. Usimwambie mtu."

Nilikwenda kesho yake asubuhi, bila taarifa, na pakiti nyekundu kwenye mkoba kwa ajili ya ushahidi. Nilitegemea kukuta tanuri la baridi na lundo la pakiti nyekundu zilizochanwa. Nilikuta tanuri linawaka, watu wamevaa kofia nyeupe, na mbele ya rola amesimama mwanamke mnene, mikono imejaa unga mpaka kwenye kiwiko.

"Mama Mafuru!" akapiga kelele. Alikuwa Perpetua.

Tulikumbatiana, unga ukabaki kwenye gauni langu. Alikuwa amerudi mjini mwaka uliotangulia, Masanja akamfanya mkuu wa kukanda. Nilipomweleza kilichonileta, tabasamu lake liliisha polepole.

"Hiyo rola ni ile yetu," alisema. "Niliitambua nilipofika. Hata yule mwenye pengo bado yupo. Nilifurahi kama nimemwona ndugu."

"Lakini pakiti nyekundu..."

"Pakiti nyekundu zinaokwa wapi siku hizi?"

Niliitazama rola.

"Zinaokwa kwa rola nyingine, mji mwingine. Rola yetu ni hii hapa. Wewe jana ulizigeuza za kwenye sahani ya nyekundu?"

Nilikuwa sijazigeuza. Hata moja. Nilizigeuza za njano tu, kwa kuwa ndizo nilizozishuku. Nilijua tawi letu lilifungwa, nilijua mashine ziliuzwa, niliagana nazo kwa macho yangu. Lakini kichwani mwangu pengo lilikuwa la pakiti nyekundu, na nyekundu ilibaki vile nilivyoiacha. Nilitoa ile pakiti kwenye mkoba. Tuliimwaga juu ya meza ya bati, tukahesabu, Perpetua upande wake na mimi upande wangu. Kumi na viwili. Kumi na viwili. Kumi na viwili. Tulifika ya mwisho bila kupata pengo.

"Umemwita bosi wangu mwizi mbele ya watu?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Haya," akasema, na akaanza kuzirudisha kwenye pakiti ingawa hazikuwa na kazi tena.

Wakati natoka, nikipita stoo, niliona nyuma ya magunia ya unga ndoo kama kumi za mafuta ya mgando. Zote zilikuwa zimebanduliwa karatasi zake za jina na tarehe. Ndoo za mafuta hazibanduki karatasi zenyewe. Nilisimama.

"Hizi za nini?"

"Za kupaka trei," Perpetua alisema upesi. "Haziingii kwenye unga."

Siku nyingine yoyote ningefungua kifuniko nikaingiza kidole. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kumwonea mtu, na nikajisemea, mwanamke wewe, acha kushuku watu angalau kwa nusu saa. Nikapita. Hilo ni kosa langu la pili, na naliona kubwa kuliko la kwanza.

Mkutano uliofuata niliomba nafasi kabla ya ajenda. Nilisimama nikasema, "Bwana Masanja, nilikuita mwizi mbele ya hawa, nakuomba radhi mbele ya hawa hawa. Biskuti ni yako. Nilikosea, na nilikosea kwa uvivu." Masanja alinitazama, akasema, "Nimesikia. Tuendelee." Hakutabasamu tena mbele yangu tangu siku hiyo, jambo ambalo, kusema kweli, lilinipunguzia wasiwasi juu yake.

Biskuti zikaingia rafuni. Zilikuwa nzuri, siwezi kusema vingine. Ziliuzwa vizuri kuliko za bluu. Neema alianza kutembea ameinua kichwa.

Miezi mitatu ikapita. Siku moja nikiwa duka la Kiseke, akaja mteja wetu wa kila siku, Mama Kulwa, mshonaji, na pakiti ya njano iliyobakia nusu.

"Mama, sitaki hela yangu. Nataka unionjee hii. Mume wangu anasema mimi ndiye nina mdomo mbaya."

Nilivunja moja. Sauti ilikuwa sawa. Nikainusa. Kwa mbali, nyuma ya harufu ya ngano, kulikuwa na kitu kama rangi ya mafuta ya kupaka mlango. Nikaonja, na baada ya kumeza kikabaki kooni kama nta.

Mafuta yalikuwa yamechacha. Mafuta ya namna hiyo hayajioneshi siku biskuti inapotoka tanurini. Siku hiyo yanakaa kimya, hata mimi yangenipita. Yanangoja wiki tano, sita, pakiti ikae kwenye rafu yenye joto, ndipo yaseme. Nikakumbuka zile ndoo zilizobanduliwa karatasi.

Nilimpigia Neema. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mama," akasema kwa upole ulioniuma, "wewe na Bwana Masanja tena?"

Sikumlaumu. Mtu aliyepiga yowe la uongo mbele ya mkutano mzima hana haki ya kuudhika. "Usiniamini mimi," nilimwambia. "Nipe siku mbili niandae jaribio, na uonje mwenyewe." Alikubali, lakini akanikumbusha kwamba Jumatatu toleo zima linatakiwa liende shuleni, nalo lilikuwa lile lile la pakiti ya Mama Kulwa.

Safari hii nilifanya kazi kama Mzee Majura amesimama nyuma yangu. Nilichukua pakiti za njano kutoka maduka yote matatu. Nikachukua nyekundu na bluu za umri ule ule, zilizokaa rafu ile ile, kwenye joto lile lile, ili mtu asije akasema ni jua. Nikazigeuza zote, za njano na zisizo za njano, nikahesabu vitundu hata pale ambapo vitundu havikuwa na maana yoyote. Nikapima, nikaandika. Jaribio likawa Jumatatu asubuhi kabla gari halijapakiwa. Ijumaa na Jumamosi nilikuwa sijamwambia mtu wa nje hata neno moja.

Lakini Jumapili mchana, nimetoka kanisani tu, Perpetua alibisha hodi nyumbani kwangu Kiseke. Alikuwa amevaa kitenge kizuri na hakutaka chai.

"Nimesikia mnaonja kesho."

"Nani kakwambia?"

"Mji mdogo huu. Mama Mafuru, sema ni joto la duka. Bati la pale linachoma, kila mtu anajua."

"Pakiti nyekundu zimekaa chini ya bati hilo hilo."

Alikunja kona ya kitenge. Kisha akasema mafuta mazuri yalichelewa, Masanja alikuwa safarini, na mtu akaleta yale ya ndoo. Aliyaonja akajua siyo mazuri. Tanuri lilikuwa linawaka na watu wanangoja kazi. Akaweka saini.

"Uliniambia ni ya kupaka trei."

"Nilikuwa na hofu. Ulikuja pale umeshamwita mtu mwizi, ningekwambiaje?"

Hilo lilinipata, maana lilikuwa na ukweli ndani yake. Kama ningefika Igoma nimetulia, labda angeniambia siku ile ile.

"Siku ile ulipoumbuka," aliendelea, "nani alikaa na wewe akahesabu mpaka mwisho? Sikukucheka. Sikumwambia mtu kwamba hukuzigeuza. Leo nakuomba jambo moja tu. Saini iliyopo pale ni yangu, siyo ya Masanja. Atanifukuza."

"Ni za watoto wa shule, Perpetua."

"Haziui mtu!"

"Haziui. Lakini wewe ungempa mwanao?"

Alisimama, akajifunga kitenge vizuri, akaniaga kwaheri ya mbali, ile mtu anayompa karani wa benki. Nilimsindikiza mpaka mlangoni, yeye akatembea bila kugeuka. Ubatizo wa mwanangu wa pili yeye ndiye aliyemshika. Nilirudi ndani nikakaa na ile chai ambayo hakuinywa, na nikiri hapa kwamba nilifikiria sana lile bati. Lilikuwa linachoma kweli. Sentensi moja tu kwenye daftari ingetosha, na nusu yake ingekuwa kweli.

Jumatatu tulionja. Watu sita, sahani tatu. Watano walisukuma pembeni sahani ile ile. Mzee Shija alisema zote tamu, kisha akaomba maji mara mbili. Neema alionja mwisho. Alitafuna, akasita, akachukua karatasi ya kujifutia akatema ndani yake, akaikunja vizuri kama mtu anayeficha barua.

"Ni ya njano?" aliuliza.

"Ni ya njano."

Alitoka nje akampigia mkuu wa shule mwenyewe. Nilimsikia kupitia dirisha, hakulaumu joto, wala barabara, wala mtengenezaji. Alisema, "Biskuti zetu hazifai, siwaletei." Akapiga ya pili kwa mwenye duka, na hiyo aliipiga akiwa mbali zaidi na dirisha. Kufikia saa sita rafu zote tatu zilikuwa wazi pale palipokuwa na pakiti za njano.

Masanja alikuja amefura. Nilimwekea sahani tatu bila maneno. Alionja, akarudia, akaweka mikono mezani. "Nani aliweka mafuta haya?" Nilimwambia anachotakiwa kukiuliza kwanza ni nani aliyeyaleta. Sikulitaja jina la Perpetua. Halikuhitaji kutajwa, saini ilikuwa yake. Hakumfukuza. Alimtoa kwenye kukanda akamweka kwenye kufunga pakiti, mkono ule unaojua kikombe kimoja cha maji, ukawa unapanga biskuti kwenye karatasi. Nilisikia hayo kwa watu. Yeye mwenyewe hakunipigia, na kanisani alihamia misa ya kwanza.

Yaliyofuata mnayajua. Masanja alileta toleo jipya. Niliwaambia Neema na mwenye duka kwamba sitasaini mpaka zikae rafuni wiki nane, na tukaongeza kanuni ile mnayoilalamikia, ya kuonja kitu siku kinapofika na kukionja tena kikishazeeka. Baada ya wiki nane niliandika kwamba biskuti ya duka letu iko sawa na ya pakiti nyekundu, na inaizidi ya bluu kwa ukavu. Watu walisema nimelainika. Sikulainika. Ndicho kilichokuwa kwenye sahani. Shule ilirudi muhula uliofuata, baada ya mkuu wa shule kuja mwenyewe kuonja. Nilimpenda mama yule, alinusa tarehe.

Wiki mbili kabla sijaondoka kazini, mchana, simu yangu iliita. Jina sikuliamini nilipolisoma.

"Mama Mafuru." Sauti ilikuwa kavu. "Hujambo."

"Sijambo, Perpetua. Za siku nyingi?"

"Wamenirudisha kwenye kukanda, mwezi uliopita." Nyuma yake sikusikia mashine hata moja. "Leo limekuja lori la mafuta. Nimefungua ndoo moja, nimeonja. Nimelirudisha."

"Lote?"

"Lote. Tanuri limezimwa, watu wamekwenda nyumbani, Masanja amenuna hasemi na mtu. Nilitaka tu ujue."

Nilitaka kumwambia mengi, kuhusu Jumapili ile na kuhusu siku ile pale Igoma, nikayapanga mdomoni, na kilichotoka kikawa kingine kabisa.

"Lori limeelekea wapi?"

Alicheka, cheko lile la zamani la wakati wa chakula cha mchana, mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka.

"Limekata kushoto," alisema. "Kuelekea mjini."

Mafuta yaliyokataliwa Igoma hayajamwagwa, wenzangu. Kuna tanuri limeyapokea, na wiki nane zinakaribia kutimia. Kuonja anzeni na keki ndogo za kwenye pakiti, zile zilizoletwa mwezi huu na yule bwana mpya mwenye tabasamu.